Soya Iliyokauka Katika Hangari ya Baba Ramazani

Mwezi uliopita binti mmoja anayesoma kilimo aliteremka kwenye pikipiki mbele ya lupango yangu, yaani ua wa nyumba yangu, hapa Kamina. Alinisalimu kwa heshima, lakini hakungoja hata nimletee kiti.

"Mama Ngoie, banasema mama njo alikuwa moniteri wa shamba ya masista. Soya inapandwaka tarehe gani? Niko na kalamu."

Nilicheka mpaka dereva wa pikipiki naye akacheka. Nikamwambia binti arudishe kalamu mfukoni na akae, kwa sababu tarehe moja ya kumpa sina. Nilicho nacho ni habari za miaka mingi ya kuinama. Ninayowaandikia hapa, ninyi vijana mnaoanza kazi hii, ni yale niliyomwambia siku ile, pamoja na mengine niliyoyaacha kwa sababu sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa inaungua jikoni.

Umoniteri ni kazi ya miguu. Unazunguka shamba asubuhi, unashika udongo, unageuza jani uone upande wa chini, unabishana na wenye majembe, na jioni unabishana na wakubwa wako. Nimeifanya tangu nikiwa msichana mpaka magoti yalipokataa. Aliyenifundisha ni Papa Kalenga, agronome, yaani bwana shamba, aliyekuwa zamani kwenye kampuni moja ya pamba. Kampuni ilipofunga milango, masista walimwomba aangalie shamba lao kando ya reli, nje kidogo ya mji. Shamba lile lililisha nyumba yao ya watoto wenye utapiamlo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia ya majani iliyokwisha toboka, na alikuwa na tabia ya kusemezana na mbegu kabla hajazimwaga kwenye beseni.

Siku yangu ya kwanza aliniuliza, "Ngoie, kazi ya shamba inaanzaka mwezi gani?"

Nikajibu haraka, "Mwezi wa kumi, Papa. Mvula ikianza."

"Apana. Inaanzaka mwezi wa tano, mvula ikiisha. Simama pale, kiisha rudia nyuma."

Sikumwelewa. Nilidhani ni uzee. Alichokuwa ananiambia ni hiki. Mvua yetu huingia mwezi wa kumi na hutuaga mwishoni mwa mwezi wa nne, au wa tano ukiwa mwanzoni. Ukitaka zao moja tu, una nafasi ya kuzubaa. Ukitaka mazao mawili katika mvua moja, soya kwanza na mahindi nyuma yake kwenye udongo uleule, huna nafasi hiyo. Mahindi yana kiu kuliko siku zote yanapotoa ndevu. Ndevu zikitoka mvua imekwisha ondoka, utavuna magunzi yenye punje za kuhesabu. Kwa hiyo mahindi lazima yawe ardhini mwezi wa pili ukianza. Kwa hiyo soya lazima iwe imeondoka mwezi wa kwanza ukiisha. Kwa hiyo soya, tena ile ya muda mfupi, lazima ipandwe mwezi wa kumi ukiwa bado mchanga. Mnaona? Anayeamua soya ipandwe lini ni mahindi, nayo wakati huo bado yamelala guniani.

Soya yenyewe haikupendwa hapa mjini. Jirani yangu Mama Numbi niliwahi kumpa sahani moja ajaribu. Aliichemsha kama maharagwe, kutwa nzima, makaa yakaisha, akaongeza mengine. Jioni alinirudishia pamoja na sufuria.

"Ngoie, hii haiko chakula. Hii iko risasi."

Ni Sista Odile, msimamizi wa nyumba ile ya watoto, aliyewafundisha akina mama kuikaanga, kuisaga na kuitia kwenye uji wa mahindi. Mtoto aliyeletwa na nywele nyekundu na miguu iliyovimba, ukimpa uji ule kwa wiki kadhaa, alianza kulilia uji badala ya kulia tu. Hapo Mama Numbi akaja kuomba sahani nyingine, na mimi nikamwonea huruma nikampa bila kumkumbusha risasi.

Sasa mambo ya tarehe. Mwaka mmoja kabla ya vita, ng'ombe wetu wa kukokota plau waliugua, tukawangoja. Kupanda kukasogea mpaka sikukuu ya Watakatifu Wote ikapita. Soya haikulalamika sana. Ilibaki fupi, ikachanua haraka, maganda yakakaa chini karibu na udongo hata tukavuna tumepinda migongo. Lakini ilikomaa wakati wa zile siku za jua zinazotujia katikati ya mwezi wa pili, ikakauka safi, ikang'aa. Watu walinipongeza. Papa Kalenga alikataa kunipongeza.

"Ngoja kwanza mahindi," akasema.

Mahindi yale tuliyapanda mwezi wa tatu. Yaliota vizuri, yakawa ya kijani, yakatoa mbelewele. Kisha mvua ikaondoka. Ndevu zilitoka zikakauka juani kama nyuzi za mkeka, na tulichovuna kilitosha kuku wa masista, tena kuku wasio na tamaa.

Mwaka mwingine tuliangukia upande wa pili. Mvua kubwa ilinyesha mwishoni mwa mwezi wa tisa, mji mzima ukafurahi, nasi tukakimbilia kupanda. Papa Kalenga alikuwa amesafiri kwenda Lubumbashi. Baada ya mvua ile jua likarudi, likakaa. Mbegu zilikuwa zimevimba kwa maji, zikafia ndani ya udongo. Aliporudi hakutugombeza. Alinipeleka katikati ya shamba, akanipa jembe, akaniambia nichimbe shimo, nitie mkono.

"Umefika wapi?"

"Kwa kiwiko, Papa."

"Udongo ya chini iko namna gani?"

"Iko mukavu."

"Basi ile haikuwa mvula. Ilikuwa mate."

Tangu siku ile sijapanda soya kabla ya kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kufinya udongo wa chini. Ukishikana, panda. Ukimwagika kama unga, rudi nyumbani ukasuke nywele. Majirani walizoea kuniona narudi na mkono mmoja mwekundu kama nimetoka kuchinja.

Alinifundisha pia kwamba mbegu ya soya inazeeka upesi. Ile ya mwaka juzi inaweza kukudanganya kwa uzuri wa ngozi yake, kumbe imekufa. Ifunge kwenye kitambaa kibichi, ngoja siku chache, uone ngapi zinatoa mkia. Na ukifungua shamba jipya, chukua udongo kidogo kutoka shamba lililokwisha zaa soya, uchanganye na mbegu, kwa sababu ndani yake mna vijidudu vinavyoifanya mizizi iote vifundo. Kata kifundo kwa ukucha. Ukikuta ndani kuna rangi ya waridi, furahi, maana mahindi yatakayofuata yatapata chakula ambacho hukukinunua.

Halafu vita ikaja, ile ya pili ya nchi yetu.

Sitawasimulia vita. Wapo wanaoijua kuliko mimi. Nitasema tu jinsi ilivyofika shambani. Kwanza, treni za kaskazini zilikoma. Pili, mbolea kutoka kusini haikufika tena. Tatu, watu wenye bunduki walipita wakachukua ng'ombe wetu wote, na hatukuuliza walikokuwa wanawapeleka. Nyumba ya Sista Odile ikajaa watoto mpaka wengine wakalala barazani, na ukumbi wa kanisa ukajaa familia zilizokimbia.

Karibu na gari ya moshi, yaani pale stesheni, palikuwa na ghala kubwa tuliloliita hangari ya Baba Ramazani. Yeye ni mtu wa Maniema, mzaliwa wa Kasongo, Mwislamu, mfanyabiashara kama baba yake na babu yake. Siku za treni, hangari ile ilijaa mchele na mafuta ya mawese kutoka kwao, na samaki wakavu wa Kinkondja, hata ukipita unaondoka na harufu kwenye nguo. Vita ilipokata njia, ilibaki sakafu ya saruji na mabati. Lakini kila asubuhi Baba Ramazani aliifungua, akaifagia, akaketi mlangoni.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anaifungua.

"Nikiifunga, Mama Zaina atafikiri nimekata tamaa," akanijibu.

Mama Zaina ni mke wake. Mama mzazi wa Mama Zaina alikuwa amebaki Kasongo, na hapakuwa na njia ya kupata habari zake.

Mwezi wa tisa ulipokaribia kuisha, Papa Kalenga na Sista Odile walikaa jikoni kwa masista wakabishana, na mimi katikati yao nikichambua mbegu.

"Mwaka huu mahindi kwanza," akasema Sista. "Bantu banakimbia, banafika na njaa. Banataka bukari, Papa." Bukari ndiyo ugali wetu.

"Sista, bila mbolea, mahindi ya kwanza itakula nguvu yote ya udongo, na itatoa kidogo. Na mbegu ya soya haitangoja mpaka mwezi wa pili. Itakufa mu gunia. Utakosa bukari, utakosa na uji ya batoto."

"Sawa. Panda soya mwezi wa kumi. Itaiva mwezi wa kwanza, mvula ikiwa inanyesha kila siku. Ng'ombe ya kukokota mizigo bameenda, mafuta ya mashini ya kukausha hatuna. Utaanikia wapi? Itaoza. Niliona kwa macho yangu."

Papa Kalenga alivua kofia, akaichungulia ndani kana kwamba jibu lilikuwa humo.

"Kweli," akasema. "Itaiva mu mvula. Pa kuanikia, sijui."

Wote wawili walisema kweli, na mimi ndiye niliyepaswa kupanda. Vijana, hiyo ndiyo shida yenyewe ya mazao mawili, wala haikuja na vita. Ukichelewesha soya, inakauka vizuri na mahindi yanakufa. Ukiiwahisha, mahindi yanapata mvua na soya inaloa. Kila tarehe ina zao la kuilipia.

Sista Odile akanigeukia mimi.

"Ngoie, panda. Mungu ataonyesha pa kuanika."

Nilipanda. Bila ng'ombe, tulilima kwa majembe ya mkono. Wake za watu wa reli walikuja kwa makundi, na kwa kuwa treni hazikutembea, na waume zao wakaja, wengine wakiwa hawajawahi kushika jembe tangu ujana. Mmoja wao, fundi wa breki, alinyosha mistari ya shamba kwa kamba mpaka ikawa kama reli zenyewe, akamkasirikia kila aliyepanda nje ya mstari. Niliingiza mkono mpaka kiwiko kila asubuhi. Siku udongo uliposhikana, tukapanda, na mwezi wa kumi haujafika nusu tukawa tumemaliza.

Soya iliota kama imeitwa. Mwezi wa kumi na mbili ilichanua vile vijiua vidogo vya zambarau ambavyo usipoinama huvioni. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mama Zaina, akiwa amefunga, alianza kuja mchana kwa masista kusaga unga na kupepeta. Aliniambia nyumbani kumenyamaza sana, na kukaa bure kunamrudisha Kasongo kwa mawazo. Wengine walisema si vizuri mtu aliyefunga kukaa karibu na uji siku nzima. Yeye alisema uji ni wa watoto, haumsumbui.

Mwezi wa kwanza ukaingia. Majani yakawa ya manjano, yakaanguka, maganda yakabaki peke yake juu ya vijiti. Wakati wa kuvuna. Na mvua ilinyesha kila alasiri, siku nyingine tangu asubuhi.

Nilipasua ganda moja. Mbegu ilikuwa imevimba. Nikapasua la pili. Ndani, mbegu moja ilikuwa imetoa mkia mweupe, inaota ikiwa ingali kwenye ganda la mama yake. Nililibeba ganda lile mkononi mpaka barazani kwa masista, nikampa Papa Kalenga. Alilitazama, akampa Sista. Sista alilitazama, hakusema "niliwaambia". Ninamshukuru mpaka leo kwa kunyamaza kule.

"Tukingoja jua, itaota yote," nikasema, "na mahindi tumekosa. Tukikata leo, hatuna pa kuweka. Kanisa imejaa."

Mama Zaina alikuwa pale na ungo wake. Aliacha kupepeta.

"Na hangari?" akauliza.

Hatukumwelewa. Aliweka ungo chini, akajifunga mtandio, akatoka mvuani.

Kesho yake asubuhi Baba Ramazani alikuja kwa baiskeli, kanzu ameikunja magotini isiingie kwenye mnyororo.

"Masista, mama wa nyumba amenigombeza. Anasema niko nafagia saruji bure kila siku. Minyi niko na hangari, haina kitu. Ninyi muko na soya, haina nyumba. Muilete."

Sista Odile alifunika uso kwa mikono. Papa Kalenga ndiye aliyeuliza, "Tutaileta siku gani, Baba? Kesho njo Idi."

"Najua. Minyi njo nilifunga, haiko weye." Akacheka. "Tutasali asubuhi. Kiisha tutakuya."

"Tutakuya, nani?"

"Shiye bote wa musikiti."

Nimeona mavuno mengi. Kama lile sijaona tena. Tulianza kukata alfajiri, sisi wa parokia na watu wa reli, chini ya mawingu mazito. Jua lilipopanda kidogo nyuma ya mawingu, niliinua mgongo nikaona watu wanakuja kwenye njia ya kutoka msikitini. Wazee wenye kofia zilizotariziwa, akina mama wenye vitenge vipya vya sikukuu, vijana wenye viatu vilivyosuguliwa. Walifika ukingoni mwa shamba wakasimama kidogo, kama watu wanaofika kwenye maji wasiyoyajua kina. Kisha Baba Ramazani akavua viatu, akapandisha kanzu, akaingia kwenye tope. Wengine wakamfuata.

Tulikata, tukafunga matita, tukapakia kwenye baiskeli na mikokoteni. Fundi wa breki alipanga zamu za mikokoteni kwa sauti ya stesheni, mpaka mzee mmoja wa msikitini akamuuliza kama na tiketi zinauzwa. Mvua ilitungojea. Ilitungojea mpaka mita za mwisho, ikatukuta na mizigo ya mwisho njiani, tukakimbia, kanzu na vitenge vyote vimekuwa rangi moja.

Ndani ya hangari Papa Kalenga alikuwa amefunga miti kutoka ukuta hadi ukuta, akatuonyesha jinsi ya kuyaegemeza matita yasimame, hewa ipite kati yake. Mtu mmoja alitaka kuwasha moto wa kukausha. Papa alimkimbilia kama anazuia mwizi.

"Apana moto! Tutakula nusu, nusu njo mbegu ya mwaka mwingine. Moto itaiua."

Mlangoni, Mama Zaina alikuwa ameinjika sufuria kubwa. Alipika mchele wa Maniema, ule wa mwisho uliobaki nyumbani mwake, aliokuwa ameuficha kwa ajili ya Idi. Nilipoona anatupakulia sote, nilimvuta kando.

"Mama, huu si ulikuwa wa Idi ya kwako nyumbani?"

"Nimewapikia bantu wa Idi," akasema. "Beko hapa. Kula, Ngoie, upate joto kwanza."

Tulikula tumechuchumaa kati ya matita, tumelowa, huku mabati yakipiga kelele juu yetu.

Siku zilizofuata tuliyageuza matita asubuhi na alasiri, tukafungua milango yote mawingu yakiachia. Soya ikaanza kukauka. Na soya ikikauka, ganda lake linapasuka kwa nguvu na kurusha mbegu. Mchana mmoja wa joto, chini ya mabati yale, yalianza kupasuka moja baada ya moja, tak, tak-tak, tak, mbegu zikigonga bati. Watu waliokuwa wanapita stesheni wakalala chini. Mlinzi mmoja akajificha nyuma ya behewa. Mama Numbi, ambaye alikuwa ndani akifagia mbegu, alitoka mlangoni na ufagio.

"Amukeni! Haiko vita, iko soya!"

Mji mzima ulicheka jioni ile. Tulikuwa hatujacheka pamoja tangu treni zilipokoma.

Lakini kazi haikuwa imeisha, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Wakati soya ingali inakauka hangarini, sisi tulikuwa tayari shambani. Hatukulima upya. Tuliacha mizizi ya soya ardhini na vifundo vyake, tukachimba mashimo ya mahindi pembeni mwa mistari ileile iliyonyoshwa na fundi wa breki. Mwezi wa pili ulipoanza, mahindi yalikuwa chini. Mwenye shamba asiye na hangari leo anaweza kupenyeza mahindi kati ya mistari soya ikianza kupoteza majani, kabla hajaikata. Nimefanya hivyo miaka ya baadaye, inafaa, ila wavunaji wawe na miguu yenye adabu.

Watoto walipata uji wao wa soya. Mahindi yakapanda. Hayakuwa marefu kama yale yaliyolelewa na mbolea ya gunia, lakini majani yalikuwa na kijani kizito ambacho shamba lile halikuwa limekiona tangu mbolea iishe. Mwezi wa nne yakatoa ndevu. Kila asubuhi nilitazama anga kabla sijanawa uso. Mvua ilikuwa inapungua, inakuja kama mgeni anayetafuta namna ya kuaga. Kisha alasiri moja, ndevu zikiwa bado laini na zenye unyevu, ikanyesha mvua kubwa, ya taratibu, ya muda mrefu. Papa Kalenga alikuwa katikati ya mistari. Hakukimbilia kibanda. Nilimfuata na jani la mgomba nimfunike, akalisukuma pembeni. Alikuwa anatikisa kichwa, maji yakimtiririka kupitia tundu la kofia.

"Wafwako," akaniambia kwa Kiluba. Asante. Sijui kama alikuwa ananiambia mimi au mvua. Nilijibu kwa niaba yetu sote wawili.

Mvua nyingine kubwa haikuja tena msimu ule. Kama mahindi yale tungeyapanda wiki chache baadaye, yangeisikia kwa masimulizi.

Papa Kalenga alifariki baada ya vita, nyumbani kwake, akiwa na watoto wake. Baba Ramazani hakurudi kuishi Maniema. Treni zilipoanza tena alijaza hangari yake mchele, akazeeka mlangoni pake, na amezikwa hapahapa Kamina. Habari za mama yake Mama Zaina zilifika baadaye sana, wala hazikuwa njema. Siku ile akina mama wa reli walikaa naye mkekani tangu asubuhi. Mimi nilipika.

Mvua za sasa zimebadilika, nasikia mkisema, na mimi naziona. Mwaka mwingine zinachelewa kuja, mwaka mwingine zinawahi kuondoka. Mna mbegu za haraka kuliko zetu, mna simu zinazowaonyesha mawingu. Zitumieni. Ila anzeni kuhesabu kutoka mvua ya mwisho, tieni mkono udongoni, na kabla hamjapanda soya mapema, ulizeni mtaiweka wapi ikiiva, na nani atawasaidia kuibeba. Swali hilo la mwisho hamna simu ya kulijibu. Mtalijibu kwa jinsi mnavyoishi na majirani zenu.

Nimalizie na mwezi wa tano wa mwaka ule. Vita ilikuwa imesogea, na watu walianza kufika kutoka upande wa Malemba-Nkulu, kwa miguu, wamebeba watoto na vyungu. Mahindi yetu yalikuwa yamekauka kwenye shina, magumu, mazuri. Tulivuna, tukapukuchua, tukasaga usiku na mchana kwa zamu. Sista Odile alifungua mlango wa ghala na hakuufunga.

Mama mmoja alifika na binti wawili. Miguu yake ilikuwa imepasuka. Nilimwekea bukari na sombe mbele yake. Aliwalisha binti kwanza, kisha akala polepole, tonge kwa tonge. Alipomaliza aliosha sahani, akaipangusa kwa kitenge chake, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mama, hii mahindi mulilima wapi?"

Nikamwonyesha shamba, mabua yamesimama makavu kando ya reli.

"Na sasa munafanya nini pale?"

"Tutakata mabua, tutaifunika mu udongo, inaoza. Mwezi wa kumi tunapanda soya. Lakini weye pumzika kwanza, mama. Umetoka mbali."

Alilitazama shamba muda mrefu. Alikuwa ameacha lake, na mahindi yake yakiwa bado mabichi. Kisha akawaketisha binti zake kivulini, akajifunga kitenge kiunoni.

"Jembe iko wapi?" akauliza.

Nikamletea langu.